NANI YUKO UPANDE WA PILI WA WAYA?
Historia fupi ya mataifa kushirikiana kulinda mitandao ya kompyuta



Wengi wetu, wazee kwa vijana, tumekwisha kupokea katika simu zetu ujumbe ule wa "ile hela itume kwenye namba hii". Wengine tulicheka tukaufuta. Wengine, na najua wamo humu chamani, walituma. Katika mazungumzo yetu jambo hili huletwa kama habari ya wezi wa mjini, na lawama zote humwangukia mkuu wa polisi wa wilaya. Mhariri, kwa kujua kwamba nilifanya kazi ya simu tangu ujana mpaka nilipostaafu, ameniomba nilieleze kwa upana zaidi, na nimekubali kwa sababu moja. Watu hudhani usalama wa kompyuta ni suala la mitambo, kwamba nchi ikinunua mtambo wa bei kubwa imekwisha kujikinga. Nikiipitia historia yenyewe naona jambo jingine. Kila mara mtandao ulipovamiwa, kilichookoa au kilichokwamisha ni kama alikuwapo mtu aliyefunzwa upande wa pili wa waya, na kama kulikuwa na njia ya kumpata.

Tuanze mbali kidogo. Mwezi Mei 1865 wajumbe wa nchi 20 walikutana Paris wakaunda Umoja wa Telegrafu wa Kimataifa. Kabla ya hapo simu ya maandishi ilipofika mpakani aghalabu iliandikwa upya, ikakabidhiwa kwa mkono, ndipo ikapigwa tena katika waya wa nchi ya pili. Umoja ule ndio huu uliopo Geneva hata leo, ukishughulikia simu na redio za dunia nzima. Zanzibar yenyewe iliunganishwa mwaka 1879 kwa waya wa baharini uliotoka Aden ukaendelea mpaka Msumbiji na Durban. Kwa hiyo telegrafu ilipata taratibu zake za kimataifa mapema kabisa, hata kabla waya haujafika kwetu. Kompyuta hazikuwa na bahati hiyo. Mtandao wa kompyuta ulikua kwanza, miaka mingi, mikononi mwa wasomi waliokuwa wakifahamiana na kuaminiana. Taratibu zilikuja baadaye, na zilikuja kwa kishindo.

Tarehe 2 Novemba 1988 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, jina lake Robert Morris, aliachia mtandaoni programu ndogo aliyoiandika mwenyewe. Wataalamu waliiita "mnyoo", kwa kuwa ilijiendea yenyewe kutoka mashine moja hata nyingine bila kubebwa na mtu. Haikufuta kitu wala kuiba kitu, bali ilijizalisha mno mpaka mashine zikalemewa. Makadirio yaliyoenea ni kwamba mashine kama 6,000 ziliingiwa, katika mtandao uliokuwa na mashine 60,000 hivi. Katika siku chache wataalamu wa vyuo mbalimbali walikuwa wamekwisha kupata dawa. Taabu ilikuwa kuifikisha. Dawa ilipelekwa kwa barua pepe, na vyuo vingi vilikuwa vimechomoa mashine zao mtandaoni kwa kujihami, hivyo barua haikufika. Hapakuwa na ofisi ya kupigia simu.

Kabla mwezi haujaisha serikali ya Marekani ilianzisha kituo katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mji wa Pittsburgh, kazi yake ikiwa kupokea taarifa za mashambulizi na kuwaunganisha wanaohusika. Vituo vingine vikafuata. Lakini Oktoba 1989 mnyoo mwingine uliingia katika mtandao uliotumiwa na shirika la anga la Marekani, na dalili zilielekeza Australia. Hapo ikaonekana kwamba kuwa na vituo vingi hakusaidii kama kituo hakimjui jirani yake: saa zinatofautiana, taratibu zinatofautiana, na kila mmoja anaogopa kutoa siri zake. Mwaka 1990 vituo hivyo viliunda jumuiya yao, kwa kifupi FIRST, ambayo mpaka leo ndiyo baraza la vituo vya namna hiyo duniani. Naomba msomaji atazame jinsi jambo lilivyoanza: hapakuwa na mkataba wa serikali, wala balozi, wala bendera. Walikuwa mafundi waliochoka kutojuana.

Ufundi peke yake, hata hivyo, haufiki mahakamani. Hilo lilidhihirika Manila. Tarehe 4 Mei 2000 barua pepe yenye kichwa cha maneno "nakupenda" kwa Kiingereza ilianza kuzunguka dunia, na kila aliyefungua kiambatisho chake aliharibiwa mafaili, kisha barua ikajituma kwa watu wote waliomo katika daftari lake la anwani. Hata Bunge la Uingereza lilifunga barua pepe zake. Wapelelezi waliufuata mkondo mpaka kwenye nyumba moja jijini Manila, na kijana mmoja akatuhumiwa. Ndipo ikagundulika kwamba Ufilipino haikuwa na sheria inayosema kueneza programu ya namna hiyo ni kosa. Walijaribu sheria ya kadi za benki, haikukaa. Kumpeleka nchi nyingine akashtakiwe pia haikuwezekana, kwa sababu mtu hutolewa kwa kosa ambalo ni kosa katika nchi zote mbili. Mwezi Juni bunge lao likapata sheria mpya, lakini sheria hairudi nyuma, na Agosti mashtaka yakaondolewa. Hasara ya mamilioni mengi ya dola, na hakuna hata siku moja ya kifungo.

Nchi za Baraza la Ulaya zilikuwa tayari zinaandika mkataba wakati huo, na kisa cha Manila kiliwapa hoja. Mkataba wa Budapest ulifunguliwa kutiwa sahihi tarehe 23 Novemba 2001. Una mambo mengi ya kisheria ambayo sitayataja, ila kifungu kimoja kinanivutia mimi kama mtu wa simu: kila nchi mwanachama lazima iwe na mahali pa kupigiwa saa 24, siku saba za juma. Afrika Kusini ilishiriki kuuandika na ikatia sahihi siku ile ile, kisha ikapita miaka zaidi ya 20 bila kuuridhia. Mauritius, Senegali, Ghana, Nigeria na wengine walijiunga kwa miaka yao. Nchi nyingi za Afrika zilijitenga, kwa hoja kwamba haziwezi kufungwa na mkataba ambao hazikukaa mezani kuuandika. Hoja hiyo naiheshimu, maana kizazi chetu tulikua tukiisikia katika mambo ya biashara na ya madini. Lakini mwizi hangojei tumalize hoja, na kwa miaka hiyo yote mpelelezi wa Dar es Salaam aliyetaka kumbukumbu za kompyuta iliyoko Ulaya aliandika barua kupitia wizara, akangoja.

Sasa nifike kwenye kisa ambacho nadhani kinafundisha kuliko vyote, na ambacho watu wa kwetu hawakisimulii ingawa tulikuwamo. Mwishoni mwa 2008 mnyoo ulioitwa Conficker uliingia katika mamilioni ya kompyuta. Microsoft walikuwa wamekwisha kutoa marekebisho mwezi Oktoba mwaka huo, lakini wengi hawakuyaweka. Ujanja wa mnyoo huu ulikuwa katika namna ya kupokea amri. Kila siku mashine iliyoambukizwa ilijitungia majina 250 ya tovuti na kuyatafuta yote. Mwenye mnyoo alihitaji kulisajili jina moja tu ili awaamuru askari wake. Wataalamu walipoelewa hesabu hiyo wakawa wanayasajili majina yote mapema, kila siku, ili mwenyewe asipate hata moja. Kundi lao liliunganisha makampuni, vyuo na wanaosimamia majina ya mtandao duniani, na mwezi Februari 2009 likajitangaza rasmi.

Mwezi Machi mwenye mnyoo akajibu. Toleo jipya lilitengenezwa ili, kuanzia tarehe 1 Aprili 2009, litunge majina 50,000 kila siku, yakiwa yametawanywa katika miishio kama 110, mingi yake ikiwa ya nchi. Na katika orodha hiyo zilikuwamo Kenya na Uganda. Maana yake ni kwamba katika majuma machache ilibidi kumpata, katika kila nchi ya orodha, mtu yule anayetunza daftari la majina ya nchi hiyo, kumweleza jambo hili geni, na kumwomba azuie maelfu ya majina kwa imani tu, bila amri ya mahakama na bila malipo. Baadhi ya madaftari hayo yalitunzwa na makampuni makubwa. Mengine na watu wawili watatu wenye kazi nyingine mchana. Hakuna mkataba wowote uliowalazimisha. Shirika linaloratibu majina ya mtandao lilisaidia kupiga simu, na kwa sehemu kubwa waliopigiwa waliitika. Tarehe 1 Aprili ikapita bila balaa lililotazamiwa.

Nisiwapambe kupita kiasi. Baadaye kundi lenyewe lilikiri kwamba liliweza kumzuia mwenye mnyoo asiseme na mashine, lakini halikuweza kuzisafisha mashine, na mamilioni ziliendelea kuwa wagonjwa kwa miaka. Kusafisha kunahitaji fundi katika kila ofisi, kila shule, kila hospitali, na huyo hapatikani kwa kupiga simu usiku.

Hapo ndipo linapoingia neno ambalo siku hizi lipo katika kila hotuba: kujenga uwezo. Sisi wa Afrika Mashariki tulilijua jambo hili kabla ya neno lenyewe. Chuo cha mafunzo cha Mbagathi, nje kidogo ya Nairobi, kilianzishwa 1948 kufundisha watu wa posta na simu wa nchi zetu zote. Shirika letu la pamoja la posta na simu lilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Mashirika yakawa matatu, lakini wakuu wa mitambo wa pande zote walikuwa wamekaa dawati moja, na walipokutana tena katika mikutano walianza kwa kuitana majina ya utani. Sijaona mkataba unaozaa kitu kama hicho.

Katika kompyuta kazi ya namna ya Mbagathi ilianzwa na mafundi wenyewe. Kundi la waendeshaji mitandao wa Afrika, AfNOG, lilifanya mafunzo yake ya kwanza Cape Town mwaka 2000, likahama nchi hata nchi, na mwaka 2011 likafika Dar es Salaam. Tunisia ilikuwa imetangulia kwa sheria na kituo chake mwaka 2004. Kutokana na mikutano hiyo ilizaliwa AfricaCERT, jumuiya ya vituo vya Afrika, ambayo kituo cha Japani kiliisaidia kwa mafunzo. Haraka ilikuwapo, maana mwaka 2009 nyaya mpya za baharini, SEACOM na TEAMS, zilifika pwani yetu, na fedha za simu zilikuwa zimekwisha kuanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Tulifungua mlango mkubwa kabla ya kuajiri mlinzi. Tanzania iliweka kituo cha taifa katika sheria ya mawasiliano ya 2010, chini ya mamlaka ya mawasiliano, na Kenya ikawa na chake. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilipitisha mwongozo wa sheria za mtandao mwaka 2010, uliotayarishwa pamoja na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo.

Mafunzo haya yana tatizo moja ambalo wafadhili hawapendi kulisikia. Kijana hupelekwa semina tatu nchi za nje, anarudi na vyeti, na baada ya mwaka benki au kampuni ya simu inamchukua kwa mshahara mara tatu. Benki inapona na kituo cha taifa kinaanza upya. Kisha mfadhili mwingine anakuja na semina ile ile. Mwaka 2015, mjini The Hague, nchi na makampuni kadhaa waliunda jukwaa la kupanga misaada hii ili watu wasifundishe mahali pamoja mara saba, na Novemba 2023 mkutano mkubwa wa jambo hili ulifanyika Accra. Nimeona maazimio yake. Ni mazuri. Mshahara wa kijana haumo.

Kwa kuwa nimeitaja Ghana, nieleze kisa cha meli, hasa kwa wenzetu mliofanya kazi bandarini. Tarehe 27 Juni 2017 programu ya kuangamiza ilianzia Ukraine, ikipitia programu ya uhasibu iliyotumiwa na makampuni mengi kule, ikasambaa duniani. Serikali za Uingereza na Marekani baadaye ziliilaumu Urusi, Urusi ilikana. Kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark ilipigwa vibaya. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Lakini kwanza walihitaji nakala ya daftari kuu linaloiambia mashine nani ni nani, na nakala zake zote, kama 150 duniani, zilikuwa zimefutwa kwa pamoja. Isipokuwa moja. Kwa mujibu wa taarifa iliyochapishwa Marekani mwaka 2018, mashine moja iliyokuwa Ghana ilikuwa imezimika kwa sababu umeme ulikatika kabla ya shambulio. Sisi tuliozoea kulalamikia umeme tuna ruhusa ya kutabasamu.

Mwendo wa mtandao ulikuwa mdogo mno kuipeleka nakala ile Uingereza. Ikaamuliwa mtu aibebe. Lakini katika ofisi ya Ghana hakuna aliyekuwa na viza ya Uingereza. Basi mmoja alipanda ndege mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na huyo akaruka nayo London. Kampuni kubwa kupita zote za makontena duniani ilifufuliwa na watu wawili na diski moja mkononi, na viza nusura iwakwamishe. Wenye kuandika sera za ushirikiano wangekisoma kisa hiki kwa makini.

Mambo ya mikataba nitayapitia haraka, kwa kuwa yenyewe hayana haraka. Urusi ilipeleka suala hili Umoja wa Mataifa mwaka 1998. Vikundi vidogo vya wataalamu wa serikali vilikaa tangu 2004. Kilichotoa ripoti mwaka 2015 kilikuwa na nchi 20, Kenya ikiwamo, na kilikubaliana kanuni 11 za mwenendo mwema. Kuanzia 2019 nchi zote zikapata kiti katika kikundi cha wazi, na hapo sauti za nchi zisizo tajiri zikaongezeka. Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wake Malabo tarehe 27 Juni 2014. Ulihitaji nchi 15 kuridhia. Zilipatikana baada ya karibu miaka tisa, na mkataba ukaanza nguvu tarehe 8 Juni 2023. Katika 15 hizo, wanachama wa Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki waliowakilishwa ni Rwanda peke yake. Tulikataa kuingia Budapest kwa kuwa si mkataba wetu. Wa kwetu ulipopatikana tukauweka kabatini.

Kuna sababu nyingine ya kusita ambayo ni ya haki kuisema. Sheria za mtandao hushika zaidi ya wezi. Sheria ya Tanzania ilipopitishwa Aprili 2015, wanasheria na waandishi wa habari walilalamikia vifungu vya taarifa za uongo. Kenya ilipotunga yake 2018, Mahakama Kuu ilisimamisha vifungu kadhaa mwezi ule ule sheria ilipotiwa sahihi. Mkataba mpya wa Umoja wa Mataifa, ulioongozwa kwenye majadiliano na mwanamama balozi wa Algeria, ukapitishwa na Baraza Kuu tarehe 24 Desemba 2024 na kufunguliwa kutiwa sahihi Hanoi Oktoba 2025, umepingwa na vyama vya haki za binadamu kwa hofu hiyo hiyo. Mpelelezi akipewa uwezo wa kuomba kumbukumbu za mtu kutoka nchi ya mbali, lazima awepo hakimu wa kumwuliza anazitakia nini.

Hata hivyo kazi inafanyika. Kati ya Septemba na Oktoba 2024 polisi wa nchi 19 za Afrika, Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo zikiwamo, walifanya operesheni ya pamoja chini ya Interpol na chombo cha polisi cha Umoja wa Afrika. Iliitwa Serengeti, na watu 1,006 walikamatwa. Na Mei 2024 Umoja wa Mataifa ulizindua daftari la dunia nzima la majina ya watu wa kupigiwa, kila nchi ikiandikisha wake wa kidiplomasia na wa kiufundi. Ilikuwa imepita miaka 35 na nusu tangu ule usiku wa Cornell.

Wale kati yetu waliopita Mbagathi kati ya 1967 na 1977, na wana picha za madarasa au orodha za majina ya wanafunzi wa nchi zote, tafadhali wampelekee Mhariri nakala. Nakusanya majina hayo kabla sisi wenyewe hatujapungua zaidi, na yatachapishwa katika toleo lijalo nafasi ikiruhusu.